Kompyuta Iliyokaa Kimya Kilosa

Mdogo wangu wa mwisho alipewa dakika chache kuonyesha kazi yake ukumbini Kilosa. Ilikuwa tovuti ya masomo ya kilimo, yote kwa sauti, kwa wakulima wa Vidunda na Chanzuru wasiojua kusoma. Maofisa wa kilimo wakiikubali, ingeanza kutumika vijijini. Akabonyeza kwenye kompyuta ya ukumbi. Kimya.

"Dada, jana Mikumi ilikuwa inalia vizuri," akaninong'oneza.

"Binti, redio yako imekata roho?" akauliza mzee wa mstari wa mbele. Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kikao akasema wanaofuata wajiandae.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, wazazi walipofariki, ili wadogo zangu wasome. Kompyuta nimejifunzia kwenye kibanda changu Mikumi, nikichapa barua za watu. Laptop yangu ya kwanza, ya mtumba, ilinitesa hivihivi: kila kitu kizima, lakini nyimbo hazilii. Ilinichukua miezi kugundua kwamba mfumo endeshi wake una jina lilelile na wa laptop za wengine, ila toleo lake liliuzwa bila kodeki, yaani programu ndogo zinazofungua sauti iliyobanwa.

Nikafungua mipangilio ya kompyuta ya ukumbi. Toleo lilelile.

"Ukurasa wako unachaguaje faili la kucheza?"

"Unaangalia jina la mfumo."

"Jina achana nalo. Kiulize kivinjari chenyewe kama kinaiweza sauti ya aina hiyo. Kisipojibu kitu, kipe ile nakala ya somo ya aina nyingine, ambayo kodeki yake kinayo chenyewe."

"Kikijibu 'labda'?"

"Labda si jibu. Kijaribu. Sauti isipotoka, badilisha."

Nikasimama. "Shikamooni wazee. Naomba mtuvumilie dakika tano."

"Marahaba. Tano tu," akasema mwenyekiti.

Mdogo wangu aliandika. Sikumgusia kibodi, kazi ilikuwa yake. Alipobonyeza tena, sauti ya mama mmoja wa Vidunda ikajaa ukumbini, akieleza namna ya kukinga maharage ya mlimani na wadudu. Yule mzee akasogeza kiti mbele. Walisikiliza somo zima, kisha wakaomba la pili.

"Tutaanza na Vidunda," akasema mwenyekiti. Halafu akanitazama, akamuuliza mdogo wangu: "Na huyu fundi wako amesoma chuo gani?"

"Hajasoma chuo, mzee," mdogo wangu akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Amenisomesha mimi."