Vifaranga Ndani ya Neti

Jamani, yaliyonipata siku ile bado yananifanya nipite njia ya nyuma nikienda kanisani, lakini kwa kuwa mmeanza kucheka hata kabla sijasema, acha niwaambie.

Neti tulipewa bure kliniki, nami nikaona kulala ndani yake huku kwetu Itumbe, kwenye baridi hii ya majani chai, ni kujisumbua bure. Mbu nilikuwa namsikia kwa redio tu, ila mwewe nilimwona kwa macho yangu kila asubuhi akinyakua vifaranga, kwa hiyo neti nikawafunikia vifaranga (wakanenepa, siwafichi). Baba Nyaboke, mume wangu, alipoanza kutetemeka nikamwambia ni baridi ya kuchuma chai, avae sweta mbili.

Shida ni kiherehere changu. Sabato moja Kerubo, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, aliuliza kanisani nani analala ndani ya neti, mkono wangu ukapanda wa kwanza, na kina mama wakakubaliana waje kwangu kesho yake niwaonyeshe inavyotundikwa.

Nikawasikia langoni kabla sijajiandaa. Niliivuta neti kutoka kwa vifaranga, nikaikung'uta harakaharaka, nikaitundika juu ya kitanda, nikatoka nikitabasamu kama bibi harusi. Tukaingia wote chumbani, Kerubo akaanza kunisifu, mara kitandani, "Pii, pii, pii!" Kumbe kifaranga mmoja alibaki kwenye mikunjo, na mama yake alimsikia kutoka nje, akapita katikati ya miguu ya wageni, akarukia kitanda, akanaswa akipiga kelele hadi neti, kuku na msumari vikanishukia kichwani.

"Nyasae one, Mungu wangu!" Kerubo akasema. "Mama Nyaboke, kwani hapa ni kuku wanaogopa malaria?"

Mume wangu, aliyejifunika blanketi sebuleni, akajibu kabla yangu: "Hao ndio hulala kwa neti. Mimi nilipewa sweta."

Walicheka hadi wengine wakakaa chini, lakini Kerubo alipomwona vile anatetemeka akaacha kucheka, akamdunga kidole kumpima, na ilikuwa malaria kweli. Hapo aibu ya kuku ilinitoka, nikashikwa na hofu, maana huyu ndiye mume niliye naye.

Alimeza dawa, akapona. Neti niliifua ikarudi kitandani, na kuku wangu hawataionja tena. Mwewe naye amerudia kazi yake. Juzi alibeba kifaranga mnono kuliko wote, nikaumia, nikamtazama tu akienda. Jioni Baba Nyaboke akaingia ndani ya neti, sweta zote mbili akaziacha kitini, akaanza kukoroma. Mwewe na ale.