Maji Baridi ya Mwasumini

Juzi nilimkuta mpwa wangu akimwagilia maua kwa mpira, maji yakitiririka hadi mlangoni, nikapiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Akaniuliza, "Kwani shangazi, maji yamekukosea nini?" Hayajanikosea kitu. Mimi ndiye niliyewahi kuyakosea, miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka minane.

Ilikuwa kaskazi, jua kali, na mfereji wa nyumbani kwetu Mji wa Kale ulitoa maji siku mbili tu kwa juma. Gari la kipaza sauti likapita likitangaza: marufuku kumwagilia maua mpaka mvua inyeshe. Watu walicheka, maana nani mtaani kwetu alikuwa na bustani? Bibi hakucheka. Uani alikuwa na mwasumini wake mmoja, na shangazi yangu alikuwa aolewe baada ya majuma matatu. Bibi alikwisha apa kwamba bintiye hatavaa kikuba cha maua ya kununua. Basi maji ya kuoshea mchele yakawa yanaenda kwenye shina. Uani kulikuwa na kisima pia, lakini maji yake yalikuwa ya sakafu na choo.

Mara Bibi akawa na safari ya Lamu, kwenda kualika jamaa, siku tano. Mlangoni, buibui keshavaa, akanishika bega. "Mwasumini nakuwatia wewe. Kopo la maji baridi asubuhi, kopo jioni. Usisahau." Nikajiona mkubwa wa nyumba.

Nilipotia kidole ndani ya pipa la maji ya mfereji, yalikuwa vuguvugu kwa jua. Ya kisima yalitia vidole ganzi. Sikuona haja ya kuuliza mtu. Nikavuta ndoo, tena si kopo, ndoo nzima, asubuhi na jioni, huku nikiuimbia mti. Siku ya nne majani yakaanza kukauka ncha, na vitumba vikadondoka. Nikaongeza ndoo ya adhuhuri.

Bibi aliporudi hakuvua hata viatu. Alichovya kidole kwenye ndoo yangu, akaramba.

"Munyu! Waniulia mwasumini wangu! Nalikwambia nini?"

"Ulinambia maji baridi, Bibi. Haya ndiyo ya baridi."

Kwa Bibi na watu wa rika lake, maji baridi yalikuwa maji yasiyo chumvi, hata yakiwa yanatokota jikoni. Alinitazama kwa hasira, kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akaketi chini. Mimi nililia. Nilijua nimeiharibu harusi ya shangazi.

Chumvi ile haikuwa na dawa ila kuoshwa kwa maji ya mfereji, na hayo ndiyo yaliyokatazwa. Bibi akawaza. "Wamekataza kumwagilia maua. Kukosha mtoto hawakukataza." Tangu jioni ile nikawa nasimamishwa penye shina la mwasumini na kukoshwa bila sabuni, mara mbili kwa siku, jirani wa ghorofani akichungulia dirishani na kunambia, "Naona umestawi!" Wengine wote walikoga maji ya kisima, sabuni haitoi povu, na shangazi akinung'unika, "Ni mimi niolewaye ama ni huu mwasumini?"

Vitumba vipya vilichomoza siku mbili kabla ya harusi. Vilitosha kikuba kimoja. Bibi alikitunga mwenyewe, kisha akanipa mimi nikipeleke kwa bibi arusi juu ya sahani. Sijapata kubeba kitu kwa furaha kama ile.

Siku hizi ule ua umetiwa saruji na nyumba ina wenyewe wengine. Bibi ametangulia. Hata neno lake limekwenda naye, maana ukiomba maji baridi leo, muuzaji hufungua friji. Mimi hupokea nikanywa, nikasema ahsante. Lakini kaskazi inapopamba moto, mimi mtu mzima mwenye wanangu, natamani Bibi anisimamishe uani mchana kweupe animwagie kopo la maji kichwani, na jirani acheke apendavyo.