Uzi Mwekundu wa Fundi Haupasuki

Fundi Haupasuki, mwana wa mshona viatu aliyewavalisha walimu wote wa shule yetu, mjukuu wa mshona matandiko ya punda ambaye hakuna punda aliyetoka kidonda kwa kazi yake, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja: huyo ndiye ninayemwandika. Jina la kwenye cheti analijua yeye na hospitali. Mtaani tulimwita Haupasuki kwa sababu mteja akiuliza habari za mpira, yeye hakuwa na maneno mengine. "Haupasuki," basi, anarudi kwenye kazi yake.

Alishona mipira ya ngozi. Likizo ya mwisho wa mwaka ikikaribia, wazazi walijazana barazani kwake, maana mtoto aliyefaulu alinunuliwa mpira, na aliyefeli naye alinunuliwa ili anyamaze. Kazi yenyewe nimeiona kwa macho yangu. Vipande vinashonwa kwa ndani, sindano mbili na uzi uliopakwa nta, halafu gamba lote linageuzwa kama soksi, kibofu cha kujaza upepo kinaingizwa, ndipo mdomo unafungwa kutoka nje. Hapo mwisho ndipo penye shughuli. Fundo lazima lizame ndani, mguu wa mchezaji usiliguse. Vidole vya shemeji yangu vilikuwa vinene, haviingii. Vya mdogo wangu viliingia. Kwa hiyo mume alishona mpira mzima, mke akaufunga.

Siku moja uzi mweupe ulimwishia mdogo wangu, akachukua mwekundu aliokuwa akishonea mikoba. Mumewe akautazama mpira, akasema, "Mama, umeupaka rangi ya mdomo. Unaupeleka harusini?"

"Wewe hukunipaka siku ya harusi," akamjibu, "acha angalau mpira upendeze."

Wateja wakarudi wakitaka wa vile vile. Tangu hapo mpira wao ulijulikana kwa mshono ule mmoja mwekundu, wala mtu hakuwa na haja ya kuuliza umetoka wapi.

Mdogo wangu akafa. Kifua kilimbana, hakumaliza mwezi. Shemeji akajifunza kuufunga mpira peke yake, kwa koleo ndogo aliyonunua kwa fundi saa. Ilimchukua asubuhi nzima kwa mshono ambao mkewe alikuwa akiushona huku anatusengenya. Uzi hakuubadilisha.

Ndipo kiwanda kimoja cha vifaa vya michezo kikaanza kutoa mipira yenye mshono mwekundu, wakaupeleka serikalini kuusajili uwe alama yao ya biashara. Wakamtumia shemeji vijana wawili wenye mashati yaliyonyooka, wakamwambia anaiga mali ya kiwanda. Alidhani ni utani, akawakaribisha viti. Walipokataa kukaa ndipo alipoelewa.

Akapewa nafasi ya kupinga mbele ya msajili. Tulivyoelezwa, sheria haikuwa mbaya: aliyeitumia alama mwanzo anaweza kuidai, mradi aseme ni yake na awe na shahidi. Shahidi nilikuwa mimi. Ningemwambia yeyote, hata usingizini, mpira wa kwanza wa uzi mwekundu ulinunuliwa na nani. Njia nzima nilimfundisha shemeji. "Wakikuuliza ni ya nani, sema yangu. Neno moja tu, usiongeze hadithi."

"Nimesikia, shemeji."

"Umesikia, lakini utasema?"

Akatazama nje ya dirisha la basi.

Msajili alikuwa mama wa makamo, mpole, mezani kwake mpira wetu na mpira wa kiwanda imewekwa pamoja. Akauliza, "Mzee, alama hii ni yako?"

Shemeji akauvuta mpira wetu karibu. Kisha akasema, "Ni ya mke wangu."

Nikampiga teke la muundi.

"Mkeo yuko wapi?"

"Tulimzika."

"Basi alikuachia wewe," akasema yule mama, nami nikaona wazi anamfungulia mlango apite.

"Hakuniachia. Hakuwa na habari kama anakufa."

Wakili wa kiwanda akasimama. "Tangu afariki, uzi mwekundu anautia nani?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nilikuwa naazima."

Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi hata sikuitwa kusema. Pingamizi likatupwa, na shemeji akakatazwa uzi mwekundu.

Kwenye ngazi nilimshika shati. "Neno moja lingekuua?"

"Mpira wote nashona mimi," akasema. "Wake ni ule mshono mmoja. Nikisema na huo ni wangu, yeye atakuwa amefanya nini?"

Nikamwachia shati.

Likizo ikafika. Alikuwa na mipira michache aliyojikaza akaifunga kwa uzi mweupe. Mama mmoja akaja na mwanawe, akaugeuza mpira huku na huku. "Mzee, huu feki. Wenyewe una uzi mwekundu."

"Ndiyo, mama," akamwambia. "Wenyewe upo dukani." Tena akamwelekeza duka.

Baada ya hapo hakuufunga tena mpira. Alikata, akashona, akageuza, akaingiza kibofu, na akifika mdomoni anaweka sindano chini. Mipira ikajaa kwenye rafu, midomo wazi. Nikimgombeza ananiambia, "Kesho, shemeji." Miguu ikaanza kumvimba, macho nayo yakaingia ukungu, akaacha hata kuitaja hiyo kesho.

Akamwita binti yake, anayeshona mapazia mji wa pili. Vidole huyo alichukua vya kwetu, hilo halina ubishi. Alipoingia, baba yake hakumuuliza habari za safari. Alimwonyesha rafu.

"Ile ni ya watu, walishaagiza. Ifunge."

"Kwa uzi gani, baba?"

"Usio mwekundu."

"Upi sasa?"

"Utautafuta. Wangu wa kuazima umekwisha, siwezi kukuazimisha na wewe." Akampa koleo, binti akaiweka kando bila kuitumia, akajaribu kidole mdomoni mwa mpira. Kikapita. Shemeji akageuza uso upande wa ukutani.

"Na wakija kukuuliza alama ni ya nani," akasema huko huko ukutani, "uwe na jibu. Anza na ule wa chini kabisa, ngozi yake imeanza kukakamaa."