Magunzi ya Kuchemshia Koleo

Waliotaka kuniondolea mguu wangu walikuwa watatu. Nitawataja kwa kazi zao tu, maana majina yao sasa yanabebwa na wajukuu hapa hapa Babati: dresa, yaani msafisha vidonda, wa wodi ya wanaume, mtunza stoo, na bwana mkubwa wa kituo aliyejua yote akanyamaza. Mmoja wao tunasali naye kanisa moja. Ananipa mkono wa amani na mimi naupokea, lakini namtazama sana.

Ilikuwa miaka ile ya dhiki. Ikisikika sabuni imefika dukani, watu wa Nakwa wanapanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, jiwe linasimama badala ya mtu na mwenyewe yuko shambani. Mimi nilikuwa kijana, nalima na maksai kwetu Mutuka. Siku hiyo maksai walishtuka, plau likanichana muundi. Mama aliponiona alicheka kwanza: "Leo umelimwa wewe!"

Nikalazwa kwenye kituo cha afya ambacho siku hizi hakipo, jengo lake ni ghala la mahindi. Niliingia na kidonda cha urefu wa kidole. Wiki ya tatu kilikuwa kama kiganja cha mkono, na kinanuka. Alhamisi moja bwana mkubwa akaja, akaziba pua, akasema, "Ijumaa ya wiki ijayo gari litapata petroli. Utapelekwa Arusha, mguu huo ukakatwe."

Kitanda changu kilikuwa cha kumi na moja, cha mwisho. Cha kumi alilala mzee mfugaji wa kule tambarare za Hanang, aliyechomwa pembe na fahali wake mwenyewe. Alinifariji anavyojua yeye: "Usilie, kijana. Mguu mmoja unatosha. Wa pili huwa unafuata tu." Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka huku nafuta machozi.

Kesho yake akaja sista mgeni, sare yake ina viraka lakini imepigwa pasi, mkononi daftari la shule. Alikuwa anafanya utafiti kujua kwa nini wagonjwa wanaingia na vidonda vidogo halafu vinakua wodini. Akaanza kitanda cha kwanza.

"Habari za leo, kaka?"

"Nzuri."

"Unahudumiwaje hapa?"

"Vizuri tu, sista, tunashukuru."

Akaandika, akaenda cha pili. Watu kumi na mmoja tukasema vizuri. Hata mimi, na mguu umeoza! Dresa alikuwa amesimama nyuma yake, anatabasamu kama bwana harusi.

Sista alipofunga daftari, mzee akamwita. "Binti, mbona unaondoka na salamu haijaisha?"

"Si mmeshanijibu, mzee?"

"Hiyo ni ya mlangoni. Sisi huku, hata nyumba inaungua nyuma yake, mtu atasema nzuri kwanza. Atasema mvua imenyesha, ng'ombe wazima, watoto wazima. Akikuona bado umekaa, ndipo atasema 'ila'. Sasa wewe unakimbia na nzuri zetu kumi na moja, unazipeleka wapi? Na ng'ombe mwenye kidonda sisi hatumuulizi habari. Tunamnusa."

Sista alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaanza upya. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti." Akauliza mvua, akauliza ndama, akauliza mke mkubwa na mke mdogo. Dresa akachoka kusimama, akaenda zake kunywa chai. Hapo ndipo "ila" zilipoanza kumwagika, kitanda baada ya kitanda. Kwamba koleo la kusafishia vidonda ni moja na beseni ni moja, maji yale yale kutoka kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Kwamba koleo halichemshwi, kwa sababu mkaa wa kuchemshia mtunza stoo ameuhamishia nyumbani kwake.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Sista, usaha wa watu kumi wote unaishia kwangu."

Jumamosi asubuhi hakuuliza mtu. Alikaa kwenye stuli, akamtazama dresa akizunguka, na kila kitanda kikipita bila maji kubadilishwa, yeye anachora mstari daftarini. Dresa alipofika kwangu, maji ya beseni yalikuwa rangi ya mchuzi wa maharage.

"Simama hapo hapo," sista akasema. "Maji hayo wewe ungenawa?"

"Sista, hali ya nchi unaijua."

"Hali ya nchi ndiyo iliyokwambia umalizie na kidonda cha huyu kilichoingia kisafi?"

Kisha akawageukia akina mama walioleta uji. "Mkaa hakuna. Nyumbani mnapikia nini?"

"Magunzi!" wakajibu kwa pamoja.

Basi tangu siku hiyo kila aliyeleta chakula alileta na magunzi matatu ya mahindi. Mama yangu hakuhesabu, alijitwika gunia zima kutoka Mutuka. Nyuma ya wodi sufuria ikachemka, koleo ndani, bandeji ndani. Sista alinawa kwa majivu, akaanza na vidonda visafi, vichafu mwisho, kila mtu na maji yake ya chumvi.

Mtunza stoo akaja mbio. "Nani kawaruhusu kuwasha moto hapa?"

"Karibu uote, baba," mama akamwambia. "Au ule mkaa wetu bado unakutosha nyumbani?"

Hakukaa.

Ijumaa ikafika, gari likapiga honi. Bwana mkubwa akaingia, pua kaiziba tayari kwa mazoea. Sista akafungua bandeji. Nyama ilikuwa nyekundu, na kingo zimeanza kusogeleana. Kabla mkubwa hajasema kitu, mzee akateremka kitandani na fimbo yake, akainama juu ya muundi wangu, akavuta pumzi ndefu.

"Huyu haendi popote," akasema. "Nyama yake imeamka."

Bwana mkubwa akaachia pua. Akanusa kidogo, akanusa tena. "Abaki," akasema, akatoka. Hata pole hakunipa, na mpaka leo hajanipa.

Nikashuka kitandani kwa miguu yangu miwili, nimeshika bega la mama, tukaenda dirishani kuliangalia gari. Nafasi yangu haikukaa wazi hata kidogo. Mtunza stoo alikuwa anapakia magunia yake ya vitunguu vya kuuza Arusha, dereva anamsaidia kusukuma.

Mama akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti mpaka wa jikoni wakasikia: "Dereva, endesha polepole! Umebeba wagonjwa!"