Kituo Nilichomwombea Bi Zuhura

Wakazi tulikusanyika ukumbini Peckham, London, ili tupange wenyewe njia ya basi dogo la mtaa wetu. Jirani yangu Bi Zuhura, mzee wa Kizanzibari, alikaa kimya, nikadhani hajui Kiingereza. Nikajitolea kumtafsiria.

“Waambie lisimame kliniki, mwanangu,” alisema. “Magoti yangu hayakiwezi kile kilima.”

Nikawaambia anaomba lisimame mbele ya saluni. Saluni yenyewe ni yangu. Mwenyekiti akachora kituo kwenye ramani.

Bi Zuhura akainuka taratibu, akawaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu kwamba alichoomba ni kliniki. Ukumbi mzima ukanitazama. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, “Nilikuachia unisemee kwa sababu nilikuamini.”

Sikujua pa kuuficha uso wangu.