Shukrani Zilizomruka Sista Eunike

Sista Eunike alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mkali. Simpambi. Alipotukuta mlangoni mwa wodi tumeziba pua kwa leso, alituuliza kama tumekuja kuona mgonjwa au kununua samaki. Kwao ni Machame, ila alipanga chumba na sebule mjini, pale Sakina. Mwaka ule wa 1994 alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, minne ya mwisho katika chumba cha nyuma, ambako manesi wengine wakipangiwa zamu waliugua ghafla.

Huko ndiko alikolazwa mdogo wangu Ebenezer. Serikali ilipofungulia biashara, yeye alikuwa wa kwanza kijijini kwetu, huku mlimani Meru, kuacha kahawa na kwenda kuvusha mitumba mpakani Namanga. Alirudi amekonda hadi saa ya mkononi inamteleza mpaka kwenye kiwiko. Watu walisema amekanyaga waya. Sisi nyumbani tulisema kifua. Neno UKIMWI hatukulitamka.

Mkewe alikimbilia kwao. Aliyemwogesha ni Eunike, na aliyembadilishia shuka na kumlisha mtori kijiko kwa kijiko ni yeye huyo huyo. Mimi kaka mtu nilikaa kwenye kiti, mbali na kitanda, nikimsomea Zaburi. Siku ya mwisho aliomba mtu amshike mkono. Nikatazama dirishani. Eunike aliweka beseni chini, akaketi kitandani, akamshika mpaka alipokata roho. Naona aibu hadi leo.

Tukamleta nyumbani kuzika. Kwetu hakuna maziko bila neno la shukrani la familia, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, kuliandika na kulisoma huwa kazi yangu. Jina la Sista Eunike nililiweka juu kabisa, kabla ya mchungaji. Baba mkubwa Elisaria akaipitia karatasi, akaniita pembeni.

"Mwanangu, ukimtaja huyo mama umetaja ugonjwa. Kila mtu anajua anauguza watu gani. Dada zako nani atawaoa?"

Nikalifuta.

Sikujua kwamba angekuja. Nilikuwa nimeshaanza kusoma nilipomwona kando ya migomba, amejifunga kitenge juu ya sare. Nikaendelea. Nilimshukuru daktari aliyepita wodini mara mbili tu. Nilishukuru kwaya, wachimba kaburi, mwenye pikapu, hata aliyetuazima turubai. Yeye alisikiliza mpaka nilipokunja karatasi.

Watu walipoanza kunawa mikono ili wale, alinifuata. Nikaanza kujitetea, akanikatiza.

"Mwalimu, shukrani sizidai. Kuna mama ameniuliza pale kama mtu akimwogesha mgonjwa wa namna hii naye anaupata. Nimemwambia hapana, nikamwuliza mgonjwa yuko wapi. Akasema hana, akasogea kando. Hakuniamini. Ungesema mbele za watu kwamba nilimwogesha ndugu yako kwa mikono hii, na mimi huyu hapa mzima, angeniamini."

Akanionyesha kwa macho. Alikuwa jirani yetu Nashilu, na mwanawe Bariki hakuwa ameonekana tangu Pasaka.

Eunike aliondoka bila kula, zamu yake ilikuwa inamsubiri. Mimi wiki ile nilikwenda kwa Nashilu. Akanipokelea nje, akasema Bariki yuko Mererani kwenye machimbo. Sikuuliza mara ya pili. Ningemwuliza vipi, mimi niliyemficha wa kwangu?

Oktoba Nashilu akanijia mwenyewe, na daftari mkononi, nimwandikie neno la shukrani. Bariki alikuwa amefariki alfajiri, kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Nikamwuliza tumshukuru nani kwa kumwuguza.

Nashilu alisema hakuna. Hakuna mtu aliyemgusa tangu mwezi wa nne. Chakula alikuwa akimsukumia kwa fimbo, yeye mama yake.