Salamu za Msichana wa Kinoo

Nakumbuka Jumamosi moja alasiri, mwanangu, ndani ya chumba kidogo cha redio katikati ya Nairobi, mimi nikicheka mpaka machozi. Mzee Musyoka, mtangazaji wetu, alikuwa anasoma hewani kadi za salamu za wasikilizaji. Msichana mmoja wa Kinoo alikuwa akimsalimu kaka yake anayefanya kazi Uthiru, kama kila wiki. Kinoo na Uthiru! Ukipiga chafya huku, kule wanakuambia afya.

Mimi nilikuwa binti wa muuza vitambaa, nimekulia dukani kwa baba, na kazi yangu pale redioni ilikuwa kuchagua santuri. Miaka ile ya sabini, kipindi chetu ndicho kilichowapa vijana wa Waithaka na Kinoo muziki wa roki, nasi vijana wa pale redioni tulijiona tumefika. Magitaa yanalia, suruali pana zinafagia barabara, halafu katikati ya utamu Mzee Musyoka anakatiza asome majina ya watu! Tukaona haya. Nikamwendea.

"Mzee, hii salamu inamaliza wakati ya muziki," nikamwambia. "Watu wanataka roki."

Hakukasirika. Alifuta miwani yake kwa tai, akasema, "Msichana yangu, gitaa watapata kwa baa. Hapa wanakuja kusikia kama kuna mtu anawakumbuka. Ukitoa hii majina, utabaki unapigia ukuta muziki."

Alipotoka tukamcheka. Sisi ndio tuliokwenda kwa wakubwa kuomba salamu ziondolewe, zikaondolewa, naye akapelekwa kusoma bei za mazao. Mama yangu, mtu wa Lamu, alinionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Nami wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Miezi michache ilikuwa mitamu. Kisha wakubwa wakataka saa ile iende kwa mpira, wakatuuliza, "Hao wasikilizaji wenu wako wapi?" Zamani tungewamwagia gunia zima la kadi mezani. Sasa tulitangaza, tukasihi watu waandike. Hakuna aliyeandika. Na waandike kwa nini, mwanangu, ilhali tuliwaambia majina yao ni makelele?

Siku ya mwisho niliomba maikrofoni niage. Taa nyekundu ikawaka. Nikataka kumuaga walau yule msichana wa Kinoo, nimwombe radhi, lakini jina lake sikuwa nalo. Nililisikia kila Jumamosi, nikalicheka, nisilishike. Nikasema kwaheri tu, santuri ikazunguka, tukazimwa. Mpaka leo inaniuma. Mzee Musyoka angelitaja jina lile bila kufikiri, na sikuwahi kumwambia kwamba alisema kweli.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipewa nafasi ya kusema mbele ya watu, yajue majina yao kabla hujaipenda sauti yako. Anayekuletea salamu usimwone mshamba. Huyo ndiye atakayekuulizia siku utakaponyamaza. Anza kwa kwenda kumjulia hali dada yako anayekaa Waithaka, hata kama ni karibu. Na Mungu akupe watu wa kukukumbuka, mwanangu, akupe na ulimi wa kuwataja wangali hai.